Meza ya Tatu

Mashine iliganda watu wakiwa katikati ya sentensi. Ofisi nzima ikaacha kuandika, ikaanza kulalama.

"Chiriku! Hebu angalia huko ndani, herufi zangu zinatoka moja moja kama dawa ya macho!"

"Afadhali yako. Yangu hata hiyo moja haitoki."

"Na Meneja anataka kazi yake leo. Chiriku, umelala?"

Chiriku hakuwa amelala. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha vioo, mbele ya dirisha jeusi la kompyuta kubwa. Ofisi ile kazi yake ilikuwa kusikiliza na kuandika. Waajiri na wafanyakazi waliogombana, wanachama waliopigiana kelele mikutanoni, wote walirekodiwa, na sauti zao zikaletwa pale ziandikwe neno kwa neno. Kila meza ilikuwa na skrini na kibodi yake, lakini akili ilikuwa moja, ile mashine kubwa iliyofungiwa chumba cha vioo, na skrini zote ziliinyonya kama watoto wa paka kwa mama yao. Ikichoka yenyewe, wamechoka wote.

Mtunzaji wake, Mzee Mitambo, alikuwa ametoka kwenda kutafuta feni ya kuipoza. Alimwachia Chiriku, mwanafunzi wake, na akamwachia pia neno la siri la mkuu, ambalo mwenye nalo mashine haimuulizi kwa nini. Kuiongoza mashine ile hakukuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Uliandika amri, ikatii. Ukiandika herufi moja tu, w, ilikupangia mistari ya watu waliomo, kila mmoja na meza yake, na muda aliokaa bila kugusa kibodi. Na ilikuwapo amri nyingine, ya kuua. Ndivyo ilivyoitwa, na ndivyo ilivyofanya. Programu iliyokukera uliitaja, ikafa.

"Hiyo ya pili," Mzee Mitambo alikuwa amemwambia, "kabla hujaitumia kwenye kazi ya mtu, nyanyuka ukamtazame huyo mtu. Skrini haina macho, binti yangu. Macho unayo wewe."

Chiriku aliandika w. Mistari ikajipanga. Mmoja ulikuwa umekaa muda mrefu kuliko yote bila kuguswa, na programu yake ilikuwa imekumbatia nafasi kubwa ya kumbukumbu. Meza ya tatu.

Alijua ni meza ya nani. Meza ya tatu ilikuwa ya shangazi yake. Kioo cha upande ule kilikuwa kimebandikwa makaratasi ya matangazo, kwa hiyo asingeweza kumwona pale alipoketi, lakini kusimama tu kungetosha. Alijiambia shangazi kaenda kunywa chai, kaacha mzigo wazi. Nje wakamwita tena, na mlango wa Meneja ukalia kitasa. Chiriku alitaka Meneja akitoka akute mambo yameshanyooka. Akaandika amri, akabonyeza.

Mashine ikashusha pumzi. Herufi zikaanza kumwagika huko nje, na watu wakapiga makofi.

"Aaa! Chiriku wetu! Mtaalamu!"

"Mpeni kiti kikubwa huyo!"

Alitoka mlangoni akicheka, mikono kiunoni, kuja kuchukua sifa zake. Ndipo akamwona shangazi. Hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ameketi wima mezani pake, vidude vya kusikilizia vimemziba masikio, macho kayafumba, mikono imelala mapajani, mguu mmoja juu ya pedali ya kinasa sauti. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu enzi za taipureta. Anaandika kipande kirefu, kisha anasimamisha vidole, anasikiliza kipande kinachofuata chote mpaka mwisho, ndipo anarudi kukiandika kwa mkupuo. Na kuhifadhi alihifadhi mara moja, mwisho wa kazi, kama zamani ambapo hukuchomoa karatasi kabla haijajaa.

Shangazi alifumbua macho. Skrini ilikuwa inamuuliza jina lake, kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Akaliandika. Akafungua kazi yake. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Alikaa akiutazama. Kisha akamgeukia mwenzake wa meza ya nne, akamuuliza kwa sauti ya chini, karibu ya aibu:

"Samahani, mama. Hivi mimi nilikuwa ninaandika, au nilikuwa ninasikiliza tu?"

*

"Umegusa kitu?" Mzee Mitambo aliuliza aliporudi na feni yake kwapani.

"Nilifunga mazoezi yangu mwenyewe, yale uliyoniachia. Ndiyo yaliyokuwa yanaielemea."

"Ya watu hukugusa?"

"Sikugusa."

Uongo ule ulimtoka laini mno, mpaka mwenyewe akaushangaa. Mzee Mitambo akamsifu kwa akili ya haraka. Baadaye Chiriku alijifunza, kwa bidii ambayo hakuna mtu aliyemwagiza, jinsi ya kuifanya mashine isahau amri ulizoiandikia. Akaisahaulisha.

Lakini shangazi hakuhitaji ushahidi wa mashine. Alikuwa na wake. Mama yake mzazi, bibi yake Chiriku, alianza hivyohivyo: leo kasahau chungu motoni, kesho kasahau kama kala, na mwisho akawa anamwita binti yake mwenyewe "dada wa dukani" na kumshukuru kwa chenji. Shangazi ndiye aliyemwosha na kumlisha mpaka akafa. Tangu hapo jambo moja tu ndilo aliloliogopa duniani, na alikuwa akiliangalia mlangoni kila siku kama mtu anayemsubiri mdai. Sasa akaona limebisha hodi.

"Ulibonyeza vibaya tu, mama," Meneja alimwambia siku ile. "Rudia."

"Kubonyeza vibaya ningekumbuka. Mimi sikumbuki kitu. Nilifumba macho nina kazi, nikafumbua sina."

Chiriku alikuwa amesimama hapo hapo, na birika la chai mkononi. Alifungua mdomo. Meneja akamwambia, "Na wewe hongera kwa leo, nimesikia," na mdomo ukafungika.

*

Nyumbani walikuwa watatu. Shangazi, mwanawe wa pekee aliyekuwa dereva wa lori, na Chiriku, ambaye shangazi alimchukua tangu kaka yake, baba yake Chiriku, alipofariki, akamlea, akamsomesha alipoweza. Hata nafasi ile ya kujifunza mashine ni shangazi aliyekwenda kumwangukia Meneja. "Anaongea sana," alimwambia, "lakini ana mkono mwepesi."

Sasa katika nyumba ile ikaanza kusikika sauti mpya. Shangazi alianza kujitangazia.

"Nazima jiko. Nimezima." Hatua mbili. "Nimezima, siyo?"

"Umezima, Shangazi," Chiriku alimjibu kutoka sebuleni.

"Nafunga mlango wa nyuma. Nimefunga. Ufunguo naweka juu ya kabati. Chiriku, nimeweka wapi ufunguo?"

"Juu ya kabati."

"Ahsante, mwanangu. Sijui ningekuwa wapi bila wewe."

Chiriku aliinamia sahani yake. Wali ulikuwa mzuri, na haukushuka.

Dereva aliporudi safari alikuta mama yake amesimama mbele ya jiko anajisemesha. Alicheka kwanza, maana alikuwa mtu wa utani. "Mama, jiko likikujibu uniite!" Mama yake hakucheka. Akamweleza. Dereva akatazama chini, akakuna shingo, na asubuhi kabla ya kuondoka akachomoa kidude cha kufungulia gesi, akampa Chiriku.

"Kaa nacho wewe, binti mjomba. Asipike akiwa peke yake."

"Kaka, kwani amewahi kuunguza kitu?"

"Unataka tusubiri aunguze?" Kisha akalegeza sauti. "Mbona siku hizi huongei? Chiriku gani asiyelia? Najua, na wewe imekuuma. Jikaze."

Jioni ile mwanamke aliyempikia Chiriku tangu hajaota meno ya pili alikaa kwenye kigoda jikoni, akisubiri mtoto huyo arudi na kidude mfukoni ili aweze kuchemsha maji yake ya chai. Hakulalamika. Alisema tu, "Umechelewa kidogo leo," na akakipokea kidude kwa mikono miwili.

Chiriku alimpeleka hospitali. Alilitaka hilo kwa pupa, akiomba daktari aseme maneno ambayo yeye ulimi ulimshinda kuyasema. Daktari alimuuliza shangazi siku, mwezi, akampa maneno ya kukariri, akamwambia achore saa. Vyote vikatoka sawasawa.

"Sioni tatizo, mama. Rudi ukiona mabadiliko."

"Umesikia, Shangazi?" Chiriku alidaka. "Huna tatizo!"

"Nimesikia," shangazi alisema wakishuka ngazi, akishika ukuta. "Hata mama mwanzoni walimwambia hivyo. Aliichora saa nzuri kuliko yangu."

*

Hofu ikafanya kazi ambayo maradhi hayakuifanya. Shangazi akawa anasikiliza kipande kilekile mara nyingi kwa kuogopa kwamba amekiruka. Akawa anachungulia skrini kila mara, kazi ikalala. Aliyekuwa wa kwanza kumaliza akawa wa mwisho. Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya zaidi. Alimhamisha kwa upole, akamweka meza ya pembeni karibu na mlango wa choo, akampa kazi ya kubana makaratasi na kuyatia kwenye majalada.

"Mpaka utakapojisikia vizuri, mama."

"Ahsante, Meneja."

Wale aliowafundisha kuandika kwa vidole kumi walikuwa wakipita kwenda chooni, wanamwinamia na kumwongelesha kwa sauti kubwa na polepole. "Haaaya, mama! Umeamkaje leo?" Naye aliwajibu kwa sauti yake ya kawaida, akaendelea kubana.

Chiriku upande wake alikuwa akipanda. Amri zilimkaa vidoleni. Alijua kuzigawa ruhusa, nani asome, nani aandike, nani asiguse kabisa, alijua kuilaza mashine na kuiamsha. Mzee Mitambo, aliyekaribia kustaafu, alikwenda kwa Meneja akasema huyu sasa aajiriwe. Na Meneja akakubali. Ilibaki karani aandike barua.

Siku hiyo hiyo shangazi alimwita kwenye meza yake ya pembeni. Alikuwa amefungua droo, akatoa vidude vyake vya kusikilizia, vile alivyovishonea vitambaa kwa mkono wake ili visiumize masikio. Akavipangusa kwa upindo wa nguo.

"Shika. Vitakufaa ukichoka na kelele za hiyo mashine yako."

"Na wewe?"

"Mimi Ijumaa naaga. Nimeshamwambia Meneja." Aliona uso wa Chiriku, akamshika kidevu kama zamani. "Usinililie. Nataka niondoke ningali najua ninaondoka wapi. Mama yangu hakuipata hiyo bahati. Na kaka yako nimemwambia, siku nikianza kutoka usiku, anifungie mlango kwa nje, asione haya. Wewe ndiye shahidi."

Chiriku alivishika vile vidude. Vilikuwa na joto la mkono wake.

"Shangazi," alisema, "saa ya chakula usitoke. Nakuomba."

*

Wenzao walipokwenda kula, Chiriku alimwingiza shangazi kwenye chumba cha vioo, akamkalisha kwenye kiti cha Mzee Mitambo. Kabla ya hapo alikuwa ameiwasha meza ya tatu kwa jina la shangazi, akafungua ukurasa na kuuandikia mistari michache isiyo na maana, bila kuuhifadhi.

"Mimi hapa sigusi kitu," shangazi alisema, akificha mikono. "Nitaharibu."

"Utagusa. Bonyeza w. Halafu kile kitufe kikubwa."

Shangazi alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa pasi kuona kama ina moto. Mistari ikajipanga. Akasogeza uso.

"Haya ni majina ya meza zetu."

"Ndiyo. Na huu hapa ni muda ambao mtu hajagusa kibodi."

"Meza ya tatu imekaa sana. Yuko nani pale?"

"Uko wewe, Shangazi. Hivyo ndivyo unavyoonekana ukiwa unasikiliza. Mashine haikuoni ukisikiliza. Inaona vidole tu, na vidole vimelala."

"Kumbe huku ninaonekana mvivu." Shangazi alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, na tabasamu lile lilimkata Chiriku maini.

"Sasa andika hivi ninavyokutajia." Alimtajia amri herufi kwa herufi. "Bonyeza. Kisha simama utazame kule."

Shangazi alibonyeza, akasimama. Juu ya makaratasi yaliyobandikwa kwenye kioo aliiona meza ya tatu. Skrini yake ilipepesa, mistari ikatoweka, na likabaki lile swali la kumuuliza mtu jina lake.

Feni mpya ya mashine ilikuwa inazunguka.

"Siku ile," shangazi alisema.

"Siku ile."

"Nilikuwa nimeandika?"

"Ulikuwa umeandika."

"Nyingi?"

"Nyingi, Shangazi. Karibu yote. Nilidhani umekwenda chai. Sikusimama kuangalia. Mashine ilikuwa imeganda, watu wananipigia kelele, nikataka—"

"Ngoja." Shangazi aliinua kiganja. Alikuwa hamtazami. Alikuwa anaitazama skrini ile ya mbali, na midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu akiba aliyodhani imeibwa. Chozi likamtoka, kisha kicheko kifupi, kama kikohozi. "Nilikuwa nimeandika," alijiambia. "Sikusahau. Nilikuwa nimeandika."

Chiriku alipiga magoti, akamshika miguu. Akafikiri, pale kicheko kilipotoka, kwamba labda yamekwisha.

Shangazi aliitoa miguu yake, polepole, mmoja baada ya mwingine.

"Kuiua kazi yangu, hilo ni kosa. Kila mtu ana vidole. Lakini nilikuwa nikisimama jikoni, nauliza hewani kama nimezima jiko. Na wewe ulikuwa unanijibu. 'Umezima, Shangazi.' Kwa upole kabisa. Ulikuwa unanijibu kama mgonjwa, na unajua mimi si mgonjwa."

"Niliogopa, Shangazi. Nafasi yangu hapa..."

"Nafasi yako." Alilirudia neno kama anayelionja. "Nani aliyeniona nikiiomba hiyo nafasi? Nilisimama mbele ya Meneja na viatu mkononi, mvua imeninyeshea, nisije nikachafua zulia lake." Akavuta kiti, akakaa. "Inuka hapo. Ukiwa chini hivyo siwezi kukukasirikia sawasawa."

*

Shangazi hakumsemea. Alimwacha aseme mwenyewe, lakini alihakikisha anasema mbele za watu waliohusika. Kwa Meneja alikaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani, na kila Chiriku alipolegeza neno alimrudisha.

"Ilitokea kazi ikapotea..."

"Haikutokea. Sema."

"Niliiua mimi."

Meneja aliona haya kuliko alivyokasirika, akawa anapangapanga kalamu. Shangazi alirudishiwa meza ya tatu siku hiyo hiyo. Barua ya Chiriku ikarudi kwenye droo ya karani, na hakuna aliyemwambia itatoka lini. Mzee Mitambo hakugomba. Alikaa, akabadilisha neno la siri la mkuu mbele yake, akilifunika kwa kiganja cha mkono wa pili wakati wa kuliandika. Mkono ule ulimuuma Chiriku kuliko tusi.

"Nilikuuliza kama umegusa ya watu," alisema.

"Uliniuliza, Mzee."

"Basi utaanza upya. Na utaanzia kwenye kusimama."

Dereva, aliporudi safari, alisikiliza kisa chote akiwa amesimama na begi begani. Alinyoosha mkono. Chiriku akampa kidude cha gesi. Akaenda kukipachika jikoni, akachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na alipotoka alipita mbele ya mama yake, akamwomba amtengenezee chai.

"Kwani wewe huna mikono?" mama yake alimwambia. Lakini aliinuka, akaenda, na wote wawili sebuleni wakasikia kiberiti kikiwaka. Baadaye wakasikia, kwa sauti ndogo, "Nimezima." Dereva akamtazama Chiriku. Chiriku hakujibu, maana hakujua tena kama ana haki ya kujibu. Akaondoka pale sebuleni akaenda mpaka mlangoni pa jikoni, akaangalia jiko kwa macho yake, kisha akamtazama shangazi.

"Umezima," alisema.

Shangazi alimtupia jicho, akachukua sinia, akampita.

*

Kazi zikaendelea. Mashine ile ilikuwa imezeeka, na siku za joto ilirudia kuganda. Siku moja kelele zikaanza tena kule nje, herufi za huyu hazitoki, za yule zinaruka. Mzee Mitambo aliandika neno la siri, akamsogezea Chiriku kibodi, akabaki amesimama nyuma yake.

Chiriku aliandika w. Mistari ikajipanga. Meza ya tatu ilikuwa imekaa kuliko zote bila kuguswa.

"Chiriku, vipi huko!"

Alisimama. Akatoka mlangoni, akapita katikati ya meza, watu wakimwuliza anakwenda wapi wakati mashine imekwama, mpaka akafika. Shangazi alikuwa ameketi wima, vidude vilivyoshonewa vitambaa vimemziba masikio, macho kayafumba, mikono mapajani. Chiriku alisimama pembeni yake kidogo, kivuli chake kikamwangukia usoni.

Shangazi hakufumbua macho.

"Nipo," alisema.

Chiriku akarudi ndani kuutafuta mzigo mahali pengine.